Kikohozi Kisichoisha: Ni Lini Mgonjwa wa Kisesa Aende Hospitali ya Rufaa?

Kutoka Kisesa hadi katikati ya Jiji la Mwanza ni mwendo wa kilometa zipatazo 20 kwa barabara ya lami itokayo Musoma. Kutoka hapo hapo Kisesa hadi Magu mjini, makao makuu ya wilaya, umbali unakaribia mara mbili ya huo. Ndiyo maana mkazi wa Kisesa, Kanyama au Ihayabuyaga, kifua kinapombana kwa miezi mingi, macho yake huelekea magharibi, kwenye kilima cha Bugando, ambako hospitali ya rufaa ya kanda imekuwa ikitoa huduma tangu mwaka 1971. Hospitali ya wilaya yake iko upande wa pili wa barabara, tena mbali zaidi.

Ukaribu huo na hospitali kubwa ni neema, lakini pia huwachanganya watu. Wako wanaopanda daladala alfajiri bila barua ya rufaa, bila picha wala majibu ya vipimo vya awali, wakarejea jioni wakiwa wametumia fedha na hawajapata jibu. Wako pia wanaokaa nyumbani mwaka hadi mwaka, wakiamini kwamba kifua ni cha uzee, cha moshi wa jikoni au cha baridi ya ziwa, mpaka siku wanapobebwa. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: kutojua hospitali ya rufaa inafanya nini ambacho kituo cha afya hakiwezi kukifanya. Makala haya yanaeleza jinsi mgonjwa na familia yake wanavyoweza kuamua.

MAGONJWA SUGU YA MAPAFU NI YAPI?

Ugonjwa sugu ni ule unaodumu kwa miezi au miaka na unaohitaji uangalizi wa muda mrefu. Kwa upande wa mapafu, unaofahamika zaidi ni pumu, ambayo hubana njia za hewa kwa vipindi: leo mtu hajiwezi, kesho anapumua vizuri. Upo ugonjwa wa pili unaofanana nao, ambao njia za hewa huziba kidogo kidogo na haziachii tena kikamilifu. Huu huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, na chanzo chake kikubwa ni tumbaku pamoja na moshi wa kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 ugonjwa huu wa pili uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani, ukawa wa nne kati ya visababishi vya vifo.

Kundi la tatu ni la watu waliougua kifua kikuu, wakatibiwa na kupona, lakini mapafu yao yakabaki na makovu. Vijidudu vimekwisha, ila nyumba waliyoishi imeharibika. Mtu wa namna hii hukohoa, hutoa makohozi na huchoka upesi, na mara nyingi huonekana kana kwamba kifua kikuu kimerudi.

Kundi la nne ni la magonjwa ya kazini. Vumbi la mawe yanayochorongwa na kusagwa kwenye machimbo ya dhahabu hubeba chembe ndogo mno ambazo hukaa ndani ya mapafu na kuyafanya yawe magumu. Madhara yake yanaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha uchimbaji. Vumbi la pamba katika vinu vya kuchambulia nalo hubana kifua. Dalili yake ya mwanzo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, kisha nafuu kupatikana kadiri juma linavyoendelea. Katika ukanda huu wa pamba, dhahabu na samaki, mhudumu wa afya anahitaji sana kujua mgonjwa amefanya kazi gani maishani. Hata mama aliyekausha samaki kwa moshi miaka 20 ana historia ya kazi, ingawa hakuwahi kuajiriwa na mtu.

HALI AMBAZO HAZISUBIRI UAMUZI

Kabla ya kuzungumzia rufaa, ni lazima kutenganisha ugonjwa wa siku nyingi na hatari ya saa hii. Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, ambaye midomo au ncha za vidole zimekuwa za bluu, anayesinzia au kuchanganyikiwa, anayekohoa damu nyingi, au aliyepata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua pamoja na kukosa pumzi, hapaswi kupangiwa safari ya kesho. Apelekwe mara moja kwenye kituo kilicho karibu zaidi, mchana au usiku. Hapo atapewa oksijeni na dawa za kufungua njia za hewa, na wahudumu wenyewe ndio watakaopanga usafiri wa kumpeleka mbele. Kumpita mhudumu wa karibu ili kuwahi hospitali kubwa, wakati mgonjwa hana pumzi, ni kumweka hatarini njiani.

KAZI INAYOANZIA KARIBU NA NYUMBANI

Kwa ambaye hayumo katika hatari hiyo, hatua ya kwanza ni zahanati au Kituo cha Afya Kisesa. Hatua hii si adabu ya ngazi za utawala tu. Sehemu kubwa ya maswali kuhusu kifua yanaweza kujibiwa hapo, na yale yasiyojibika yatakwenda mbele yakiwa yamepunguzwa.

Swali la kwanza ni la kifua kikuu. Kila anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi, na anayeishi na virusi vya UKIMWI apimwe bila kusubiri wiki hizo mbili. Makohozi hupimwa kwa mashine ya kutambua vinasaba vya vijidudu, kama GeneXpert, ambayo pia huonyesha kama vijidudu vinastahimili dawa ya rifampisini. Pale ambapo mashine haipo, makohozi husafirishwa hadi ilipo. Mgonjwa hahitaji kusafiri nayo. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. Mashine hiyo hutambua vinasaba vya kijidudu kilicho hai na kilichokufa pia. Mtu aliyetibiwa miaka ya karibuni anaweza kuonekana bado ana ugonjwa, kumbe ni mabaki tu. Kwa hiyo aliyewahi kutumia dawa za kifua kikuu amweleze mhudumu tangu mwanzo, aonyeshe na kadi yake, ili kipimo cha kuotesha vijidudu kifanyike pale inapohitajika. Kinyume chake pia hutokea: mtu mwenye makovu huanzishiwa dawa mara ya pili na ya tatu kwa sababu picha ya kifua inatisha, ingawa makohozi hayana kitu. Dawa hizo zina uzito wake kwa ini na macho, na mtu asiye na vijidudu hapati faida yoyote kwa kuzimeza.

Swali la pili ni la hewa yenyewe. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni huonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi hicho huwa asilimia 95 au zaidi. Kikishuka chini ya asilimia 90 akiwa amepumzika, jambo hilo linahitaji uangalizi wa haraka. Mhudumu pia husikiliza kifua kama kina mlio wa filimbi, huangalia kama miguu imevimba, na huuliza kama mgonjwa hukosa pumzi anapolala chali. Dalili hizi mbili za mwisho zinaweza kuashiria moyo badala ya mapafu, na hapo njia ya rufaa hubadilika.

Swali la tatu ni kama dawa ya kuvuta inaleta nafuu. Dawa ya salbutamoli ya kuvuta hufungua njia za hewa kwa muda, na ile ya beklometasoni hutuliza uvimbe wa ndani ikitumiwa kila siku. Lakini dawa ya kuvuta ni ufundi. Anayeipuliza mdomoni na kuimeza kama mate hajaitumia. Mgonjwa atoe pumzi kwanza, abonyeze mara moja huku akivuta taratibu, kisha azuie pumzi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Asiyeweza kuoanisha mkono na pumzi anaweza kutumia chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa kifaa: dawa hupulizwa ndani ya chupa, naye huivuta kupitia mdomo wa chupa. Njia hii imepimwa na watafiti na kuonekana kufaa. Aliyetumia dawa ya beklometasoni asukutue mdomo kwa maji baadaye. Si mara chache mgonjwa aliyeandaliwa kwenda rufaa akapata nafuu kwa kufundishwa upya namna ya kuvuta dawa aliyokuwa nayo tayari.

MFANO WA FAMILIA MOJA

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha jinsi uamuzi unavyofikiwa. Hautaji mtu yeyote halisi.

Mzee wa miaka 58 wa Ihayabuyaga alichimba dhahabu Geita alipokuwa kijana. Baadaye aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi sita na kupona. Sasa, miaka minne baada ya hapo, anakohoa kila asubuhi na hawezi tena kufika shambani bila kupumzika mara mbili. Jioni moja familia inakaa kikao.

"Baba, Bugando ni hapo tu," anasema mwanawe wa kwanza. "Tuuze ng'ombe mmoja, kesho kutwa tuende."

"Ng'ombe ataisha, kifua kitabaki," anajibu mzee. "Tusubiri tuvune mpunga kwanza."

Binti yao, anayefanya biashara senta ya Kisesa, anauliza jambo moja: "Baba, tukifika huko tutamwambia daktari nini? Hata makohozi hayajapimwa tangu mwaka ule."

Swali la binti ndilo lililotoa njia. Kesho yake wanakwenda kituo cha afya wakiwa na kadi ya zamani ya matibabu. Mhudumu anamwamkia mzee na kumsikiliza, anamuuliza kuhusu machimbo na idadi ya miaka aliyokaa huko, anampima oksijeni na kuikuta asilimia 93, anachukua makohozi na kumpa dawa ya kuvuta baada ya kumwonyesha namna ya kuitumia. Makohozi yanarudi bila vijidudu. Baada ya wiki nne mzee amepata nafuu kidogo, si kubwa. Picha ya eksirei inaonyesha makovu upande wa juu na madoa madogo yaliyotawanyika pande zote mbili.

Sasa hospitali ya rufaa inahitajika, na barua inayoandikwa haisemi tu kwamba mgonjwa anakohoa. Inasema kwamba kifua kikuu kimetafutwa na hakikuonekana, kwamba dawa ya kuvuta imesaidia kiasi, na kwamba mgonjwa alifanya kazi machimboni. Kisha inauliza: je, haya ni makovu ya kifua kikuu peke yake, au lipo pia vumbi la mawe? Njia za hewa zimeziba kwa kiasi gani? Moyo umeathirika?

Mzee alisafiri akiwa na maswali matatu na akarudi na majibu matatu. Ng'ombe hakuuzwa, kwa kuwa safari ilikuwa ya nauli ya daladala na vipimo vilivyojulikana mapema. Uamuzi wa kutosubiri mavuno ulikuwa sahihi pia, kwa sababu mtu aliyevuta vumbi la mawe huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu tena, na alipaswa kulijua hilo.

MASWALI YANAYOJIBIWA NA HOSPITALI YA RUFAA

Kutokana na mfano huo, kanuni inaonekana: safari inafaa pale ambapo lipo swali ambalo jibu lake litabadilisha matibabu, na ambalo haliwezi kujibiwa karibu. Maswali ya namna hiyo ni machache.

Kwanza, ni pumu au ni ule ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa? Jibu hupatikana kwa kipimo cha kupuliza. Mgonjwa huvuta pumzi yote awezayo na kuipuliza kwa nguvu kwenye mashine, kisha hupewa dawa ya kuvuta na kupuliza tena baada ya dakika 15 hivi. Tofauti kati ya mipulizo hiyo miwili humsaidia daktari kujua kama njia za hewa zinafunguka au zimeziba moja kwa moja. Kipimo hakiumi, ila kinataka jitihada.

Pili, ndani ya pafu kuna nini ambacho eksirei ya kawaida haionyeshi vizuri? Picha ya siti skani huonyesha njia za hewa zilizopanuka na kuharibika, uvimbe, au ukungu uliokua ndani ya shimo lililoachwa na kifua kikuu. Mgonjwa anayekohoa damu mara kwa mara ilhali makohozi hayana vijidudu anahitaji kipimo hiki. Anakihitaji pia aliyepungua uzito bila sababu, au ambaye sauti imekauka kwa wiki kadhaa, hasa akiwa mvutaji wa sigara.

Tatu, ni moyo au ni mapafu? Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti hutoa jibu.

Nne, je, mgonjwa anahitaji oksijeni nyumbani? Hili haliamuliwi kwa hisia. Mtu anaweza kukosa pumzi sana ilhali oksijeni yake ni ya kutosha, na kwake mashine haitaongeza kitu. Hufaa kwa yule ambaye kiwango chake kiko chini hata akiwa amepumzika, tena kwa vipimo vilivyorudiwa. Mashine hiyo hutumia umeme saa nyingi kwa siku, kwa hiyo gharama ya umeme ni sehemu ya uamuzi. Wala isiwekwe karibu na jiko au sigara, kwa maana oksijeni huchochea moto.

Tano, je, ugonjwa umetokana na kazi? Kwa aliyeajiriwa rasmi, hati ya daktari inayothibitisha ugonjwa wa kazini ndiyo msingi wa madai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa mchimbaji mdogo asiye na mwajiri, hati hiyo haileti fedha, lakini inampa sababu ya wazi ya kuacha vumbi kabla halijamaliza pumzi iliyobaki.

YALE AMBAYO SAFARI HAIYABADILISHI

Ukweli huu ni mzito, lakini mgonjwa anastahili kuujua kabla hajapanda gari. Makovu ya pafu hayafutwi na daktari yeyote, wa Mwanza, wa Dar es Salaam wala wa ng'ambo. Pafu lililokakamaa kwa vumbi halilainiki tena. Hospitali ya rufaa haitoi pafu jipya. Inatoa jina sahihi la ugonjwa, dawa inayolingana nalo, na makadirio ya yale yanayokuja. Kwa familia nyingi hilo peke yake ni jambo kubwa, kwa kuwa linakomesha kutangatanga kati ya maduka ya dawa, waganga na vidonge visivyohitajika.

Aidha, sehemu kubwa ya nafuu hubaki mikononi mwa nyumba. Kuacha sigara hupunguza kasi ya ugonjwa kuliko dawa nyingi. Jiko likihamishiwa mahali penye hewa, kuni zikikaushwa vizuri, na mgonjwa akiondolewa kwenye zamu ya kupika au kukausha samaki, kifua hupumzika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa mapafu, haifai kusubiri mwaka huo. Kutembea kila siku kwa kiasi ambacho mgonjwa anaweza, na kukiongeza polepole, huimarisha misuli ili pumzi kidogo iliyopo ifanye kazi zaidi. Kumlaza mgonjwa siku nzima kwa huruma humdhoofisha.

HOSPITALI IPI?

Mfumo wa huduma nchini hupanda kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hatimaye hospitali ya taifa. Kwa mkazi wa Kisesa, hospitali ya wilaya iko Magu mjini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni Sekou Toure, jijini Mwanza. Hospitali ya kanda ni Bugando, ambayo ina vitanda zaidi ya 900, hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani, na ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba Shirikishi.

Mhudumu anayeandika barua ndiye anayejua ni ngazi ipi yenye kipimo kinachotakiwa, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza kwa heshima: "Daktari, kipimo hiki kinapatikana wapi karibu zaidi?" Mara nyingine jibu ni Magu, kwa eksirei na uangalizi wa daktari. Mara nyingine ni Sekou Toure. Bugando hubaki kwa swali linalohitaji daktari bingwa na mitambo mikubwa.

Baadhi ya watu husikia habari za Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, na kudhani kila mwenye kifua kibaya anapaswa kwenda huko. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kutunzia wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 2009 ndipo matibabu ya kifua kikuu kinachostahimili dawa yalipoanza kutolewa hapo. Kwa miaka ya mwanzo, wagonjwa wa aina hiyo kutoka pande zote za nchi walisafirishwa hadi Siha. Baadaye matibabu hayo yalisambazwa kwenye hospitali nyingine, hivyo mgonjwa wa Mwanza hapaswi kuanza safari ndefu namna hiyo kwa uamuzi wake mwenyewe. Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya ndiye atakayemweleza mahali pa kutibiwa.

GHARAMA, BIMA NA MSAMAHA

Nauli ya kwenda Mwanza ni sehemu ndogo ya gharama. Zipo ada ya kumwona daktari bingwa, vipimo, dawa, chakula cha mgonjwa na msindikizaji, na siku za kazi zinazopotea. Ukaribu wa Kisesa unaondoa gharama ya kulala, mradi siku ya kliniki imeulizwa mapema. Madaktari bingwa huwa na siku zao, na atakayefika siku isiyo yake atalazimika kurudi.

Mwenye bima aulize mambo mawili kabla ya safari: kama kadi yake inakubaliwa katika hospitali anayotumwa, na kama karatasi ya rufaa ni sharti. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kwa mfano, ulipangwa kumfikisha mwanachama hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, tena kwa rufaa. Haukupangwa kufika hospitali ya kanda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na utekelezaji wake unabadilisha taratibu, kwa hiyo masharti ya sasa yaulizwe kituoni.

Mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha kwa mujibu wa sera ya afya. Utambulisho wake uanzie serikali ya kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya safari. Kuomba msamaha dirishani, bila karatasi yoyote, huleta usumbufu kwa mgonjwa na kwa mhudumu.

MAANDALIZI YA SAFARI

Mgonjwa anayekwenda rufaa achukue:

– barua ya rufaa yenye maelezo ya vipimo vilivyofanyika na swali linaloulizwa;
– picha zote za eksirei za zamani, hata zilizopigwa miaka mingi iliyopita, kwa sababu kulinganisha ya zamani na mpya humwonyesha daktari kama ugonjwa unasonga;
– kadi ya matibabu ya kifua kikuu, kama aliwahi kutibiwa;
– dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na dawa ya kuvuta na zile za kienyeji, bila kuficha;
– maelezo mafupi ya kazi alizofanya na muda aliokaa katika kila moja;
– kadi ya bima au karatasi ya msamaha, na kitambulisho;
– ndugu mmoja anayesikia vizuri na kukumbuka, kwa maana mgonjwa mwenye kukosa pumzi husahau nusu ya aliyoambiwa.

Kabla ya kutoka kwa daktari, mgonjwa au ndugu yake aulize mambo manne: ugonjwa unaitwaje, dawa hii ni ya kutumia kila siku au wakati wa kubanwa tu, dalili gani zinirudishe haraka, na nani ataendelea kuniangalia huko Kisesa. Swali la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Majibu ya hospitali ya rufaa yasipofika kwenye kituo cha afya, mgonjwa huanza upya kila anapougua. Karatasi ya kuruhusiwa ipelekwe kituoni ndani ya wiki ile ile, mhudumu aisome na kuinakili.

Wananchi wenye kikohozi kilichozidi wiki mbili, au wanaochoka kwa kazi ambayo mwaka jana waliimudu, wanahimizwa kufika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri mavuno. Bugando haitahama kilimani. Atakayepanda kilima hicho akiwa na majibu ya makohozi, picha zake na swali lililoandikwa barua atakuwa ameokoa muda wake, fedha za familia yake na, pengine, sehemu ya pumzi ambayo ingepotea njiani.